Mtihani Kwanza, Ziwa Baadaye

Siku Yassine alipopiga simu kutoka Kigoma, Chadia alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga majani ya muhogo ya kupika sombe, na mume wake Lukumani akatoka dukani kumtafuta akiwa bado ameshika kiatu kimoja cha mteja. Duka lao lilikuwa karibu na soko la Kasongo. Waliuza vitenge na viatu vya plastiki, na wateja wao wakubwa walikuwa akina mama waliopeleka bidhaa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Miaka ya karibuni akina mama hao walikuwa wamepata njia zao, wananunua kwa wenye malori wenyewe, na duka lilibaki likipumua tu.

"Yaya anatuita," Lukumani alisema. Yassine ni kaka yake mkubwa, na kwao kaka mkubwa huitwa yaya. "Mugongo unamusumbua. Anataka mutu wa damu yake asimamie depo yake ya bidhaa. Nyumba amekwisha kupata. Anasema mwezi wa kwanza tuwe tumefika."

"Sisi wote?"

"Wote. Mimi, wewe, Soraya na Iliasi."

Chadia aliweka mchi chini. Alikuwa mwanamke wa kucheka polepole, kicheko kikianzia machoni, na siku ile Lukumani alikiona kikishuka mpaka mabegani. Jioni walichinja kuku. Iliasi, aliyekuwa na miaka sita na hajawahi kuona maji mapana kuliko Lualaba, aliuliza kama huko Kigoma mamba wanaingia nyumbani. Dada yake Soraya, aliyekuwa anakaribia miaka kumi na miwili, alikula, akaosha sahani, kisha akachukua daftari lake la hesabu akaenda kukaa mlangoni penye mwanga. Hakuna aliyemwuliza neno.

Aliyeuliza alikuwa Mwalimu Magloire. Alifundisha darasa la sita kwenye shule ya misheni alikosoma Soraya, na wiki ile alikuja dukani kutafuta viatu vya mvua.

"Nasikia munahama," alisema, mguu mmoja ndani ya kiatu.

"Ndiyo, mwalimu, Mungu akipenda."

"Na Soraya anamalizia wapi?"

Lukumani alieleza kwa furaha kwamba watoto wa yaya wanasoma shule ya Kiingereza, basi linawachukua mlangoni asubuhi, na Soraya ataingia huko huko. Mwalimu alivua kile kiatu, akakirudisha juu ya meza.

"Baba Soraya, kwetu mwaka wa masomo unaisha mwezi wa saba. Kwao unaanza mwezi wa kwanza. Ukimutoa sasa, anaacha kalasi ya sita katikati, na mutihani wa taifa hajaufanya. Cheti cha huku hatakuwa nacho, cha kule hatakuwa nacho. Watamupima kwa Kiingereza. Yeye Kiingereza anajua kusalimia tu."

"Atajifunza. Bado mudogo."

"Atajifunza, sikatai. Lakini atajifunza akikaa kwenye kiti gani?"

Lukumani alimwuzia mwalimu viatu vingine, vya bei nafuu zaidi, akafunga mapema.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na maoni mengi. Lukumani alishikilia Kiingereza: mtoto akichelewa kukianza atachelewa maisha yote. Chadia alisema shule yoyote ni sawa mradi watoto wake walale chini ya paa moja na yeye. Kutoka Wamaza, upande wa Kabambare, mama yake Lukumani, mjane aliyeitwa Hawa, alituma ujumbe kwa mwenye pikipiki: "Muniachie musichana. Huku pia iko shule, na maziwa ya mbuzi iko." Imamu wa mtaa alipendekeza chuo cha Kurani kwanza, mengine yafuate. Jirani mmoja alisema yeye angemwacha mtoto kwa masista, kwenye bweni, mpaka amalize sekondari. Kila aliyezungumza alikuwa na hakika, na kila mara Chadia alipogeuka alimwona Soraya yuko karibu, ameshika fagio au ndoo, anasikiliza.

Kabla ya Noeli alifika Rachida. Alikuwa binti wa baba mdogo wa Lukumani, aliyehamia Kigoma na mumewe na watoto, na alikuja Kasongo kwa ajili ya harusi ya ndugu yake. Chadia alimtandikia mkeka, wakakaa wanamenya karanga.

"Wifi, niambie wewe uliyejaribu," Chadia alisema. "Watoto wako ulifanya namna gani?"

Rachida alimenya kidogo kabla ya kujibu. "Nilikuwa nao wawili, nikafanya mambo mawili. Ramazani nilimupeleka Kiingereza. Huku Kasongo alikuwa kalasi ya tano, mutoto wa mbele. Kule wakamupima, wakamurudisha darasa la pili. Magoti hayakuingia chini ya meza, wifi. Watoto wadogo walikuwa wanamuita baba. Akavumilia muhula mumoja. Siku moja akatoka na sare yake asubuhi, akaenda bandarini kubeba mizigo. Mpaka leo iko bandarini."

"Na yule mudogo?"

"Yule nilimupeleka shule ya serikali, ya Kiswahili. Nikasema, Kiswahili si ni chetu? Ni chetu, lakini chao na chetu havikulala nyumba moja. Akisema 'mwalimu iko wapi', darasa lote linacheka. Hesabu nayo, huku tunahesabu kwa Kifaransa, kule iko na majina ya Kiswahili ambayo mimi sikuwahi kusikia. Lakini aliingia na miaka saba. Mwaka ukaisha, akawa yeye ndiye anatucheka sisi."

"Shule ya Kifaransa haiko?"

"Iko Dar es Salaam, ya watoto wa wakubwa. Kule kambini kwa wakimbizi wanafundisha programu ya Kongo, lakini nyinyi si wakimbizi." Rachida alipepeta maganda kwa pumzi. "Ningejua, Ramazani ningemuacha amalize kwanza. Nimeona wenzake waliokuja na cheti cha kumaliza msingi. Wanafundishwa Kiingereza miezi kadhaa, halafu wanaanza sekondari na watoto wa rika yao. Wa kumaliza hawamurudishi chini. Wanamurudisha wa katikati."

Lukumani alikuwa amesimama mlangoni, na habari za Ramazani zilikuwa zimemwingia. Wakati wa chakula alisema, bila kumtazama mtu, "Basi Soraya abaki kwa mama Wamaza. Amalizie kule. Sisi tutangulie, yeye atatufuata."

Chadia alikusanya sahani, akatoka nje.

Lukumani alijua kwamba mke wake alilelewa na shangazi. Lakini Chadia hakuwahi kumweleza jinsi mambo yalivyokuwa. Alikuwa na miaka tisa wazazi wake walipohamia Bujumbura kwa biashara ya mawese, wakamwacha Kasongo kwa sababu ya shule. Walisema mwaka mmoja. Shangazi hakuwa mbaya: alimlisha, alimvisha, alimlipia shule. Ila asubuhi hakuna aliyemwuliza kama amelala vizuri, na akiumwa alijilaza mwenyewe pembeni mpaka iishe. Baba yake alipokuja kumchukua alikuwa amekwisha kuwa msichana wa miaka kumi na minne, na alipofika Bujumbura alimsalimia mama yake kwa mikono miwili, kama mgeni. Mama yake alilia. Yeye hakulia, na hilo ndilo lililomtisha.

Likizo ya Noeli Chadia alimchukua Soraya kwenda Wamaza. Alimwambia mumewe anaenda kuona shule. Walipanda pikipiki moja, Soraya katikati ya dereva na mama yake, na mvua ilikuwa imeifanya barabara kama uji, hata mara nyingine iliwabidi washuke, wavue viatu, wasukume. Walifika na matope mpaka kiunoni. Hawa aliwapokea kwa shangwe, akawachemshia maji ya kuoga, akamtandikia Soraya kitanda chake mwenyewe.

Shule ilikuwa nzuri tu. Ilikuwa na mabati mapya, na mkurugenzi aliwapokea kwa heshima. Chadia alitafuta kasoro na hakuipata, na hiyo ilimsumbua zaidi.

Kesho yake walikwenda shambani kufukuza ndege, maana mpunga wa Hawa ulikuwa umeanza kuinama. Hawa alikaa upande wa kijito na makopo yake ya kupigapiga. Chadia na Soraya walikaa upande wa juu, chini ya kibanda cha majani.

"Ungependa kukaa hapa na nyanya?" Chadia aliuliza.

Soraya alirusha kidonge cha udongo kwenye kundi la ndege. "Nyanya nampenda."

"Sikuuliza hiyo."

"Hapana, mama. Hapa sijui mwalimu, sijui mutu. Na Kigoma sitaki kuenda sasa, kukaa darasa moja na Iliasi. Nataka mutihani wangu. Mimi na mwenzangu Sarah-Grâce tumeanza kurudia masomo tangu mwezi wa kumi, na Mwalimu Magloire anasema tutapita."

"Kwa hiyo unataka tukuache."

Hapo Soraya aligeuka, akamtazama mama yake kwa mshangao. "Nani alisema muniache? Siombi muniache. Nasema tumalize kwanza."

Chadia aliinamisha kichwa. Alimweleza binti yake habari za Bujumbura, kwa mara ya kwanza kumweleza mtu: shangazi, mwaka mmoja uliokuwa mitano, ile salamu ya mikono miwili. Soraya alisikiliza mpaka mwisho. Ndege wakala walivyotaka, mpaka Hawa akapiga kelele kutoka kijitoni kuuliza kama huko juu wamelala.

Mchana, wakati wa kula mihogo ya kuchoma, Chadia alimgeukia mama mkwe wake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu. "Mama, shule ya hapa ni nzuri. Lakini Soraya—"

"Lakini Soraya hataki," Hawa alisema. "Nina masikio. Usijisumbue, mwanangu. Mimi nilisema shule, sababu shule ni neno watu wanakubali. Nilitaka mutoto tu ndani ya nyumba. Lukumani anaenda, Yassine alikwisha kuenda, mimi nabaki kuongea na mbuzi." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Huyo asome kwake."

Chadia alimtazama mama huyo, mwenye nguvu zake, mgongo wima, meno yake yote kasoro moja. Wazo likamjia lote kwa mara moja.

"Mama, si uende wewe?"

"Wapi?"

"Kigoma. Uende na Lukumani na Iliasi. Iliasi aanze darasa la kwanza kule mwezi wa kwanza, kama yule mudogo wa Rachida. Mimi nabaki Kasongo na Soraya mpaka afanye mutihani. Halafu tunakuja."

Hawa alikuwa hajawahi kuvuka ziwa la kwenda Kigoma. Hajawahi hata kufika Kalemie, kwenye bandari ya upande huu. "Na mupunga?" aliuliza mwishowe.

"Marguerite atavuna." Marguerite alikuwa jirani yake, mkulima, rafiki yake wa tangu ujana.

"Marguerite atakula yote."

"Mama."

"Sawa, atakula nusu." Hawa akainuka, akaenda kuangalia mbuzi wake, na kutoka nyuma Chadia aliona anavyotembea haraka kuliko asubuhi.

Ilibaki kazi ya kumkubalisha Lukumani. Kwanza alicheka, akidhani ni mzaha. Halafu alikasirika kidogo: watu watasema amemkimbia mke, au mke amemkataa. Yaya atasema nini?

"Yaya atapata mama yake," Chadia alisema. "Atasema karibu."

Lukumani alimwita Soraya, akamkalisha mbele yake kwenye kiti cha wateja. "Wewe ndiye unanitenganisha na mama yako miezi yote hiyo?"

"Ndiyo, baba," Soraya alisema, kwa sauti ndogo lakini bila kutazama chini.

"Na ukianguka mutihani?"

Soraya alifikiri. "Basi nitakuwa nimeanguka ya kwetu. Afazali hiyo kuliko kuanguka ya watu."

Lukumani akaanza kutafuta kitu juu ya rafu ambacho hakikuwepo. Siku iliyofuata alimpigia Yassine.

Waliondoka mwezi wa kwanza, baba, nyanya na mtoto, pikipiki mbili na mabunda yao. Hawa alikuwa amefunga kilemba kipya, akakataa kushikwa mkono wakati wa kupanda. Iliasi alikuwa amekwisha kusahau mamba. Alitaka kujua kama ndani ya meli kuna choo.

Nyumba ilipungua sauti. Chadia alikaa dukani, akiuza kilichobaki bila kuagiza kingine. Soraya na Sarah-Grâce walirudia masomo mezani kwake kila alasiri, mmoja akiuliza, mwingine akijibu amefumba macho. Mara mbili kwa wiki Mwalimu Magloire aliwafundisha Kiingereza kidogo baada ya darasa, Kiingereza alichojifunza shuleni zamani, na alikiri mwenyewe kwamba matamshi hayajui.

Habari za Kigoma zilikuja kwa simu. Mwezi wake wa kwanza shuleni Iliasi alikataa kufungua mdomo darasani. Watoto walikuwa wamecheka Kiswahili chake, naye akaamua kunyamaza moja kwa moja. Mwalimu akadhani ni bubu. Chadia alisikia hayo akashindwa kula. Hawa ndiye aliyekwenda shuleni. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimsalimia mwalimu, akampa kikapu cha karanga, akamwambia, "Huyu mutoto si bubu. Nyumbani hatupati nafasi ya kusema sisi wengine." Mwalimu, mama kijana wa hapo Kigoma, alicheka mpaka akashika meza. Alimhamisha Iliasi akae na mtoto wa jirani yao, na baada ya siku chache alianza kuongea, kwanza na huyo mtoto, halafu na wote. Hawa naye alizoea lango la shule. Alikuwa anampeleka Iliasi asubuhi, anabaki kuuza karanga za kukaanga kwa akina mama wengine, na kwa kuwa waliongea naye sana, hakuona sababu ya kurudi nyumbani kabla ya mchana.

Mwezi wa nne mtandao ulikatika, mnara umeanguka mahali fulani, na kwa wiki kadhaa Kasongo haikusikia mtu. Hapo ndipo Chadia alipojuta. Akilini alimwona mwanawe mdogo akikua bila yeye, akisalimia kwa mikono miwili. Mtandao uliporudi, sauti ya kwanza ilikuwa ya Iliasi, amekasirika, anauliza kwa nini mama hashiki simu, na kama anajua yeye ana habari ngapi za kumwambia. Chadia alikaa chini kwenye ngazi ya duka, akasikiliza zote.

Siku chache kabla ya mtihani Soraya alipata malaria. Alitetemeka, akatapika, akaanza kutaja mito ya Kongo ndani ya homa. Chadia alifunga duka. Alimpeleka kituo cha afya, akampa dawa kwa saa zake, akamwosha kwa kitambaa, akapika uji ambao haukuliwa, akapika mwingine. Kila asubuhi alipofungua dirisha alimwuliza, "Umelala vizuri?" na kila asubuhi Soraya alijibu, mara ya kwanza kwa kutikisa kichwa, mwisho kwa kusema, "Nimelala, mama, naomba sombe."

Alikwenda kwenye mtihani amekonda, sare imemlegea, Sarah-Grâce akimbebea kalamu. Mwalimu Magloire alisimama nje ya uzio na wazazi wengine na alikuwa na wasiwasi kuliko wote. Mchana watoto walipotoka, Soraya alisema Kifaransa kilikuwa kigumu na hesabu zilikuwa zile zile. Kisha akataka kwenda kulala.

Matokeo yalipokuja, alikuwa amepita. Hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Sarah-Grâce, na wasichana hao wawili waliruka pamoja uwanjani kama wamefungwa kamba moja. Lukumani alisikia habari kwenye simu, kisha kukawa na kelele za soko tu nyuma yake. Halafu sauti ya Hawa ikaingia: "Baba yake analia hapa mbele ya wateja. Mutume mutoto haraka."

Waliuza rafu za duka, wakafunga nyumba, wakaacha ufunguo kwa Mwalimu Magloire, aliyewapa Soraya na rafiki yake kila mmoja kalamu ya wino na hakuweza kutoa hotuba aliyoiandaa. Njiani, huko Wamaza, walipumzika kwa Marguerite, ambaye aliwaonyesha mpunga wa Hawa ndani ya magunia, wote, hajala hata nusu, na alikuwa ameumia kidogo kusikia alivyoshukiwa.

Siku iliyofuata walifika Kabambare mchana. Kiangazi kilikuwa kimekausha barabara, vumbi limewapaka nyusi. Mwenye pikipiki alikwenda kutafuta mafuta, nao wakakaa kwenye benchi la mama mmoja aliyeuza maandazi na chai. Chadia aliegemea ukuta, akalala palepale, mdomo wazi, kanga imemteremka begani. Soraya aliipandisha taratibu asimwamshe.

Mama wa chai alimtazama msichana na mabunda yake. "Na wewe, mutoto, unasoma wapi?"

"Nimemaliza Kasongo," Soraya alisema. "Sasa naenda kuanza Kigoma."

"Kuanza nini?"

"Kiingereza kwanza. Halafu sekondari."

Mama akamwongezea andazi, na Soraya akalikata katikati, nusu akaifunga kwenye karatasi kwa ajili ya mama yake akiamka.